Santuri ya Ngazi ya Njano

Baba alipokufa, dada yangu alirithi santuri, mimi nikarithi gramafoni. Wapo watakaosema huo ni mgawo wa haki. Mimi simo. Gramafoni bila santuri ni sanduku lenye waya, na kila nilipolipangusa vumbi nilimwona dada huko kwake amezikalia santuri za baba kama kuku anayeatamia, roho ikaniuma. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari: nilikuwa na wivu, tena si wivu wa kupita. Niliamka nao, nikaenda nao kazini, nikalala nao.

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kukaanga kahawa. Mitambo yenyewe ilitoka Brazili, na akaja mhandisi wa huko kuifunga, pande la mtu, anayeimba huku akikaza nati. Alipomaliza kazi, mizigo yake ikazidi uzito unaoruhusiwa kwenye ndege, akamwachia baba gramafoni pamoja na santuri chache za kwao. Baba akanogewa. Tangu hapo kila mtu aliyesafiri alitumwa santuri ya Kibrazili, na wengi walirudi na visingizio, lakini wachache walirudi nazo.

Nyumbani hakuna aliyejua Kireno. Kila albamu tuliipa jina kwa picha ya jaladani: Mama wa Miwani, Kuku Wawili, Bwana Anayepiga Chafya. Na ile kubwa kuliko zote, Ngazi ya Njano. Jaladani amekaa mwanamume mwenye gitaa katikati ya ngazi iliyopakwa rangi ya njano, mguu mmoja una kiatu, wa pili hauna. Kiatu cha pili kilikwenda wapi, hilo lilikuwa fumbo la utoto wangu.

Gramafoni iliwekwa katika chumba kidogo nyuma ya jiko, na mlango ulifungwa kwa sababu ya vumbi. Ndani waliingia watu wawili tu, baba na dada. Dada alikuwa na mikono mikavu. Ndivyo baba alivyosema, "Huyu ana mikono mikavu," kana kwamba ni cheo cha serikali. Kazi yake ilikuwa kushika santuri kwa kingo, kuifuta kwa kitambaa laini na kumpa baba. Sindano aliigusa baba peke yake. Mimi nilikuwa mdogo, mikono yangu inanata muda wote, mdomo haufungi, kwa hiyo nafasi yangu ilikuwa ukumbini, nje ya mlango.

Nilisikiliza palepale nje. Wimbo wa pili wa Ngazi ya Njano ulikuwa na mkwaruzo. Sauti ya yule bwana inapanda, inapanda, halafu tap, imeshafika kwingine kabisa, kama mtu aliyeruka dimbwi. Mimi sikujua kuwa ni ubovu. Nilidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Ulipofika pale nilikunja magoti, nikaruka kwa miguu yote miwili, nikatua sawasawa na sauti inapotua. Baba akaniita Kiroboto, na jina likashika mpaka leo kwa mama.

Sasa mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu inatazama barabara, ina mlango wa bati wa kukunja, na ndani sponji zimerundikwa mpaka darini. Nafumua kochi la mtu hadi mbao, nabadilisha mikanda ya raba, navuta kitambaa kipya, napiga stepla, na mwenye kochi akija halitambui. Dada ni mpima macho. Anakaa katika chumba chenye giza nusu, anawauliza watu wanaona vizuri na lenzi hii au hii, siku nzima, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mikono yake bado mikavu.

Baada ya mazishi nilijiapiza kitu kimoja: kila albamu aliyonayo dada, nitakuwa nayo. Sikutaka pungufu. Dukani kwa Bwana Kaseti ndiko nilikoanzia. Yeye alianza biashara kwa kaseti, kaseti zikafa, jina likabaki, sasa anauza santuri kwa watu wenye kichaa kama changu. Alinieleza kuwa kuna kampuni ndogo ng'ambo inayochapa upya albamu za zamani za Kibrazili, kidogo kidogo. Shehena ikiisha, haichapwi tena, wanahamia albamu nyingine. Akipata habari kwamba albamu fulani ndiyo inakwisha, anabandika kibandiko chekundu kwenye kona ya jalada. Ukiona chekundu, alisema, usiseme utarudi kesho.

Nikawa mtumwa wa chekundu. Nilimpata Mama wa Miwani siku ambayo mteja ananisubiri karakanani na kochi lake halina mgongo. Kuku Wawili nilimpokonya mzee mmoja mpole ambaye alikuwa anasitasita, na sikujuta. Nyumbani nilizipanga kwa mpangilio uleule wa rafu ya baba, nikasimama mbele yake, nikajisemea, haya sasa, tumelingana.

Lakini hatukulingana. Ngazi ya Njano haikuwepo. Nilimsumbua Bwana Kaseti hadi akawa anatingisha kichwa kabla sijafungua mdomo.

Kilichonichefua zaidi ni kwamba dada naye alikuwa anakuja dukani. Ana zote za baba, halali, kwa jina lake, na bado anakuja kuulizia mpya. Tena hakuulizia yoyote nyingine. Ni Ngazi ya Njano tu. Nilimwambia mama, "Huyu mtu ana tamaa. Anataka mbili wakati mimi sina hata moja." Mama akasema nile chakula kabla hakijapoa.

Kisha siku moja, saa za asubuhi, Bwana Kaseti akanipigia simu. "Fundi, imefika. Moja. Na ina chekundu." Niliacha nyundo palepale juu ya mkono wa kochi. Njiani nikawaza jambo ambalo ningepaswa kuliwaza mapema, kwamba Bwana Kaseti anapenda sinema ya bure. Akinipigia mimi, atakuwa amempigia na dada.

Nilimkuta amefika. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, koti la kazini bado mwilini, miwani ina ukungu wa manyunyu, na chini ya kwapa lake nikaona ukingo wa njano.

Hapa lazima nieleze sheria ya duka lile, kwa sababu yaliyofuata yote yametoka humo. Pale hakuna kuwekewa. Mtu hawezi kusema nishikie, nakuja. Albamu ukiitia kwapani ni yako, hata akija rais. Ukiiweka chini, popote, kwa sababu yoyote, umeiachia. Bwana Kaseti aliitunga sheria hiyo baada ya wateja wawili kuvutana hadi jalada likachanika, na tangu hapo wateja wote wanaishi kwa sheria hiyo, hata chooni utamwona mtu anaingia na albamu kwapani.

"Umewahi," nikamwambia dada.

"Nimewahi," akasema.

Hakuringa. Ingekuwa afadhali angeringa. Alitoa santuri jaladani, akaishika kwa kingo, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha kuitafuta kasoro. Ndiyo kazi yake, kutazama vitu vidogo. Lakini miwani ilikuwa na ukungu. Aliisogeza, akakunja uso, akaisogeza tena. Halafu akairudisha santuri jaladani taratibu, akalaza jalada juu ya kasha la mbao lililokuwa mbele yake, akavua miwani na kuanza kuifuta kwa pindo la koti.

Mkono wangu haukuniuliza. Ngazi ya Njano ilikuwa kwapani kwangu kabla hajamaliza kioo cha kwanza.

Dada akavaa miwani, akatazama kasha, kisha akanitazama mimi.

"Nilikuwa nafuta miwani," akasema.

"Umeiweka chini."

"Wewe. Nilikuwa nafuta miwani."

"Umeiweka."

Sote tukamgeukia Bwana Kaseti, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kukagua dari. "Daktari," akasema, maana ndivyo alivyomwita dada ingawa si daktari, "sheria ni sheria. Ningekuwa na ya pili ningekupa kwa mikono miwili. Lakini haitachapwa tena hiyo. Hata ukienda kwingine, sidhani."

Dada alinisogelea. Nilijiandaa kwa maneno makali, na nilikuwa na yangu yaliyonolewa siku nyingi. Yeye akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo mashine yako ina sarafu kwenye sindano. Uzito wake utaikwangua."

"Ni yangu. Nikitaka nitaikaanga."

"Basi niazime. Niisikilize mara moja tu, nikurudishie."

"Si unayo ya baba? Sikiliza ya baba."

Nilidhani nitaona hasira. Nilichokiona ni uso wa mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akatoka. Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua kamili, na aliondoka bila kufungua mwavuli aliokuwa ameushika mkononi.

Nami nilifurahi. Nisijifanye malaika. Nilirudi karakanani nikitembea kama bibi harusi, santuri ndani ya mfuko wa plastiki chini ya blauzi.

Gramafoni ya baba naiweka karakanani, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Juu ya kichwa cha sindano bado ipo ile sarafu ya shaba aliyoibandika baba kwa utepe, na utepe umegeuka kahawia kwa uzee. Nilifunga mlango wa bati nusu, nikaketi juu ya kochi lisilo na kitambaa, nikaweka upande wa kwanza. Wimbo wa kwanza ukapita. Ukaja wa pili. Gitaa lilelile, sauti ileile. Inapanda, inapanda. Nikasimama bila kujijua, nikakunja magoti.

Haikuruka.

Mimi nilishatua. Visigino vimegonga sakafu, na yule bwana bado anapanda, anakwenda mahali ambapo sijawahi kumsikia. Huko juu kulikuwa na wanawake wanaomjibu, na kile kingoma chao kinacholia kama mtu anayezuia kicheko. Kumbe miaka yote wanawake hawa walikuwepo, wanaimba, na sisi tunawaruka. Ulikuwa wimbo mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko wetu, na nikauchukia. Niliurudisha mara nyingine na nyingine, na kila mara nilitua mapema, peke yangu, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Nilikuwa nimeteseka muda wote huo kuipata Ngazi ya Njano, na niliyoipata haikuwa yenyewe. Yenyewe ina mkwaruzo, na iko kwa dada. Basi wivu niliodhani nimeuzika ukafufuka na nguvu mpya. Alikuwa na mkwaruzo wangu.

Mama alipita karakanani kuchukua kigoda chake nilichokuwa nimekivisha ngozi mpya. Alikuta wimbo unacheza.

"Huu ni ule?" akauliza.

"Ndio. Lakini hauruki."

Mama akakaa juu ya kigoda chake palepale katikati ya takataka za sponji, akasikiliza mpaka mwisho. "Dada yako hajausikia huu tangu baba yenu afe," akasema.

"Mama, santuri anayo yeye. Anazo zote."

"Anayo, ndiyo." Akanitazama kama anavyotazama mboga sokoni. "Baba yenu alimpa mmoja santuri, mwingine mashine, akidhani mtakuwa mnakaa pamoja. Nilimwambia hawa watoto wako huwajui. Nenda kwa dada yako, Kiroboto."

Nilikwenda, lakini nisidanganye kwamba nilikwenda kupatana. Nilikwenda kubadilishana. Mpya yangu isiyo na doa, kwa kuukuu ya baba. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu njiani: anaitaka hii kwa kufa na kupona, kwa hiyo atakubali, na nitakuwa nimempiga bao mara ya pili.

Ilikuwa mchana wa siku ya mapumziko. Nyumba ya dada ni safi kiasi kwamba mgeni anajihisi mchafu. Santuri za baba ziko katika chumba kidogo kando ya ukumbi, alimonipeleka, zimesimama wima, na kila moja imetolewa jaladani na kuwekwa nyuma ya jalada lake katika mfuko mweupe, ili ukingo usichane karatasi. Mashine yake ni nyeusi, bapa, ya kisasa, mkono wake mwembamba kama utete.

"Karibu," akasema, kwa sauti ile ya kuulizia lenzi.

"Nimekuja tubadilishane," nikasema, nikaitoa Ngazi ya Njano mfukoni. "Chukua hii. Nipe ya baba."

Hakuipokea. Akaenda kwenye rafu, akatoa ya baba, akaishika kwa kingo. Jalada lilikuwa limechakaa, njano yake imefifia kabisa. "Kaa," akasema. "Kwanza sikiliza unachokitaka."

Akaweka wimbo wa pili. Sauti ya yule bwana ikapanda, ikapanda. Mimi tayari vidole vya miguu vimejikunja ndani ya viatu. Ikafika pale, tap, na badala ya kwenda mbele ikarudi nyuma. Ikapanda tena kidogo, tap, ikarudi. Tap, ikarudi. Neno moja na nusu, basi, lilelile.

"Mashine yangu haina sarafu," dada akasema. "Inagota hapa. Kila siku inagota hapa."

"Basi bandika sarafu."

"Sitaki."

"Basi nyanyua sindano, inakera."

Hakunyanyua. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, anaitazama santuri ikizunguka. Mtu mzima, mpima macho, lakini alikaa kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeambiwa asitikisike.

"Unajua mkwaruzo huu ulitoka wapi?" akauliza.

"Santuri za zamani zote zina mikwaruzo."

"Huu ulitoka kwenye nyusi yako."

Mkono wangu ukaenda usoni wenyewe. Nyusi ya kushoto ina kovu, nywele hazioti hapo. Nililijua kovu langu: nilikuwa mdogo, nilianguka kutoka kwenye stuli. Ndivyo nilivyoambiwa, na sikuwahi kuuliza stuli ilikuwa wapi wala nilipanda kufanya nini.

"Juu ya mlango wa kile chumba kulikuwa na kioo," dada akasema. "Ulitaka kutuona. Ulikokota stuli ya jikoni, ukapanda, ukaanguka nayo. Tulisikia kishindo, halafu kimya. Baba aliruka kama kaungua. Kifungo cha shati kikanasa mkono wa gramafoni, sindano ikakwaruza, hata hakugeuka. Alikubeba, mama akaja na kitambaa, wakatoka mbio kwenda hospitali."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa kwenye kiti changu."

Tap, santuri ikasema. Tap.

"Sindano iliruka ikatua hapo, ikawa inarudia," akaendelea. "Hivi hivi. Nilikuwa nimekatazwa kuigusa. Nikakaa. Nilidhani umekufa, na nilidhani nikigusa sindano nitakuwa nimefanya kosa la pili. Ikarudia mpaka mkarudi, wewe umefungwa bendeji, umelala begani kwake. Baba akazima mashine. Hakuniuliza kitu. Akapita na wewe, akaenda kukuimbia."

Kidole changu kikarudi kwenye kovu.

"Baadaye akabandika sarafu ili iwe inavuka," dada akasema. "Ikaanza kuruka mbele. Na wewe huko ukumbini ukaanza kuruka nayo. Ikifika pale tunasikia tu, miguu yako. Baba anacheka. Kila mara, anacheka, ananiambia, 'Umemsikia Kiroboto?' Mimi nimekaa ubavuni kwake na kitambaa mkononi, nimefuta kila santuri, sijawahi kutikisa hata kiti. Na hajawahi kucheka hivyo kwa ajili yangu. Mlango umefungwa, na bado ulikuwa unaingia."

"Mimi nilitamani kuwa ndani," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Maisha yangu yote nilitamani kuwa wewe."

"Najua. Mimi nilitamani kuanguka."

Hapo nikashindwa kuivumilia ile tap. Niliinuka, nikanyoosha mkono, nikanyanyua sindano. Dada alishtuka kidogo, kama aliyeona mtu anavuka barabara vibaya, lakini hakunizuia. Chumba kikawa kimya kabisa, tukasikia maji yanatiririka katika bomba la jirani.

Aliitoa ya baba kwenye mashine, akaitia katika mfuko wake mweupe, akanikabidhi pamoja na jalada. "Chukua," akasema. "Sijawahi kuipenda."

Hilo nalo likaniuma. Nilikuwa nimeutamani miaka yote hiyo mkwaruzo ambao mwenzangu alikuwa anauchukia, na hata alipotaja kuuchukia nilimwonea wivu, kwa kuwa yeye alikuwepo ulipotokea na anakumbuka, mimi nina kovu tu.

Akapokea mpya. Aliitoa jaladani, akaiinamisha kwenye mwanga. Safari hii miwani yake ilikuwa safi. Akaiweka kwenye mashine, mkono ukabaki hewani.

"Nenda nje kidogo," akasema.

"Niende wapi?"

"Ukumbini. Nataka kuusikiliza mzima. Peke yangu." Kisha, kama aliyekumbuka jambo, "Na ufunge mlango."

Damu ikanipanda. Santuri ni yangu, nilitaka kusema, nimeipata kwa kwapa langu, na wewe unanitoa nje tena? Nilimtazama. Alikuwa hanitazami mimi, anatazama sindano, na kidole chake kilikuwa kimeganda juu yake bila kuigusa, kile kidole kikavu kisichosita mbele ya jicho la mtu yeyote. Nikatoka. Nikafunga mlango.

Ukumbi wake ni mwembamba, una vigae, hauna hata kiti. Nilisimama nimeikumbatia ya baba. Ndani, wimbo ukaanza. Niliingiza mkono katika mfuko mweupe, vidole vyangu vya gundi na uzi, nikapapasa mpaka kidole gumba kikaupata mkwaruzo. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyofikiri.

Sauti ya yule bwana ikaanza kupanda. Magoti yangu yakajikunja yenyewe, visigino vikaachana na vigae. Nikashika kitasa cha mlango kwa mkono mmoja, nikajizuia kwa nguvu zangu zote, nikavishusha visigino polepole, kimoja kimoja, asije akasikia kwamba kuna mtu nje.